Sura ya Saba: Ya Kutolea

Saa sita usiku, Bariadi, msimu wa pamba umeshafunguliwa. Nje ya baa moja karibu na stendi, mwanamume kainamia simu na mwanga wa kioo unampiga usoni. Dada aliyesimama naye, mkoba kwapani, anamsomea namba kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu. Bei wameshaelewana huko ndani, muziki ukiwafichia siri. Jamaa anataka kubonyeza kitufe cha mwisho, dada anamwahi:

"Bosi, weka na ya kutolea."

Hakuna Mtanzania mwenye simu asiyeyajua maneno hayo. Mama anayetumiwa na mwanawe aliyeko Mwanza huyasema, fundi huyasema, mwenye nyumba huyasema. Pesa ikitolewa kwa wakala inakatwa ada, kwa hiyo muungwana huongeza kidogo juu ili kiasi mlichopatana kifike kizima. Nyongeza hiyo haikuwemo kwenye mapatano, na asiyeituma hana wa kumshitaki. Akiituma ataonekana ana roho nzuri, asipoituma ataitwa bahili. Ukiitazama vizuri, ni bakshishi. Ila ni bakshishi ya ajabu, maana anayepewa haili. Inapita kwenye simu yake kama mgeni wa njiani na kuishia kwa kampuni ya simu, kwa wakala na Hazina.

Nimeanzia hapo kwa sababu mwaka 2025 dunia ilianza kubishana kuhusu kodi ya bakshishi, na ubishi huo ukaishia kwenye swali ambalo waliouanzisha hawakulitaka: je, na kahaba naye?

Mambo yalianzia Las Vegas. Juni 2024 Donald Trump, akiwa bado mgombea, aliuahidi mji huo unaoishi kwa wahudumu wa hoteli na kumbi za kamari kwamba akishinda bakshishi hazitatozwa kodi. Alishinda, na tarehe 4 Julai 2025 akatia saini sheria. Mhudumu wa Marekani sasa anaruhusiwa kuondoa hadi dola 25,000 za bakshishi kwenye hesabu ya mapato yanayotozwa kodi ya serikali kuu, kuanzia mwaka wa kodi 2025 hadi 2028. Unafuu unaanza kupungua kwa mtu asiye na mwenza ambaye kipato chake kimepita dola 150,000. Makato ya hifadhi ya jamii yanaendelea kama kawaida.

Sheria iliitaka Hazina yao itaje kazi ambazo kwa desturi zilikuwa zikipokea bakshishi kabla ya mwaka 2024 kwisha. Rasimu ya kanuni ilitoka Septemba 2025, na orodha yake inafurahisha kuisoma. Wapo wahudumu wa baa, wasusi, madereva wa teksi na madijei. Wapo wacheza dansi. Wapo hata wanaotengeneza video za mtandaoni. Halafu, kama mlinzi wa mlangoni anayemnyooshea kidole mtu mmoja kwenye foleni, kanuni zikasema kwamba pesa iliyopokewa kwa huduma ya ukahaba au kwa kazi ya ponografia haihesabiki kuwa bakshishi ya msamaha. Nayo pesa iliyotokana na kazi ambayo ni kosa la jinai, hivyo hivyo.

Utamu wa jambo hili ni kwamba Nevada, jimbo lenye Las Vegas, ndilo jimbo pekee la Marekani ambako baadhi ya wilaya za mashambani zina madanguro yenye leseni. Mwanamke wa huko anafanya kazi kihalali na mapato yake yanatakiwa kulipiwa kodi. Mteja akimwongezea dola 100 juu ya bei, hizo 100 zinatozwa. Dijei aliyempigia mteja huyo huyo muziki jioni ile akipewa 100, zake zinasamehewa. Serikali inaipokea kodi ya mwanamke yule bila kuona haya. Haya inakuja pale inapotakiwa kumsamehe.

Nchi nyingine zilishatatua nusu ya kwanza ya fumbo hilo zamani. Uingereza, mwaka 1990, Mahakama ya Rufaa ilimwambia Lindi St Clair, kahaba aliyekuwa akigombana na watoza kodi, kwamba ukahaba ni biashara na faida yake inatozwa kodi kama ya duka. Ujerumani, mji wa Bonn uliweka mashine barabarani mwaka 2011, mfano wa ile ya maegesho: mwanamke anatumbukiza euro 6 kwa usiku, anachukua risiti, anaingia kazini. Naipenda picha ya mashine ile kwa sababu haimuulizi mtu jina.

Sasa turudi Bariadi, ambako mashine kama hiyo haipo lakini kodi ipo.

*

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulizaliwa mwaka 2012, sehemu kubwa ukimegwa kutoka Shinyanga, ukapewa wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya Wasukuma, ya ng'ombe na pamba. Ununuzi wa pamba hufunguliwa kwa kawaida Mei, na kuanzia hapo hadi Agosti mji wa Bariadi hubadilika sura. Vyama vya msingi vinapima, magari ya kampuni yanapakia, na hela inayoingia vijijini kwa mkupuo mmoja inashuka mjini kutafuta bati, baiskeli, kanga, ng'ombe na bia. Kuanzia 2018 hadi 2020 ziliongezeka pia sherehe za kitaifa za Nanenane pale Nyakabindi, na kwa siku zile kupata kitanda cha guesti ilikuwa bahati.

Wapo akina dada wanaoufuata msimu kama wavuvi wanavyofuata giza la mwezi. Pamba ikikatika wanahamia kwenye machimbo, kwa sababu Simiyu nayo ina dhahabu, na palipo na rashi pana baa za turubai. Moja ya machimbo hayo ni Ng'alita, wilayani Bariadi, ambako udongo uliporomoka tarehe 13 Januari 2024 na kuua watu 22. Wengine wanakaa Lamadi, wilayani Busega, kwenye barabara ya Mwanza na Musoma, pale inapochepuka njia ya Bariadi. Lamadi ina madereva wa malori, ina wavuvi wa Ziwa Victoria, na iko jirani na lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti. Mwongoza watalii anayepita hapo ana dola za wageni mfukoni, nazo ni bakshishi tupu. Dada anayehudumiwa na mfuko huo huo saa tatu usiku ana bakshishi ya bakshishi.

Ukitaka kujua nani hasa anauza mwili Bariadi utakwama kwenye majina. Polisi na magazeti husema machangudoa. Watu wa afya husema dada poa, kwa upole. Mtaani wanasema "anadanga", na neno hilo linabeba kila kitu kuanzia mwanafunzi wa chuo mwenye mzee wake hadi anayesimama barabarani. Kwenye baa utasikia baamedi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Baamedi ni mwajiriwa, ana mshahara, anapokea bakshishi kwa kuleta bia. Baadhi yao, usiku fulani, na mteja fulani, huondoka naye. Je, elfu ishirini aliyopewa asubuhi ni bei, ni zawadi, au ni ile "chenji kaa nayo" ya jana usiku iliyokua?

Kiswahili kimeuchezea mpaka huu kwa muda mrefu. Tuna bakshishi, neno la Kiajemi lililopita mikono mingi hadi kutufikia. Tuna chai, soda, hela ya maji, ya vocha, ya nauli, na zote zinakataa kuitwa malipo. Tuna kutuza: mcheza ngoma akilichezesha jembe lake vizuri mbele ya watazamaji, mtu anatoka na noti kumbandika kwenye paji la uso. Na tulikuwa na takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoitupa nje takrima hiyo mwaka 2006. Kwa miaka sita tulikuwa na bakshishi yenye baraka za Bunge, na aliyefaidika nayo hakuwa baamedi.

*

Mtafiti Luise White alikwenda Nairobi kuwahoji wanawake wazee wa Pumwani waliokuwa wakifanya kazi hii zama za mkoloni, na mwaka 1990 akachapisha kitabu chake kiitwacho The Comforts of Home. Alichokuta ni kwamba wanawake wenyewe walikuwa na majina matatu ya kazi yao. Watembezi walitafuta wateja njiani. Malaya, na wakati ule neno halikuwa na makali yote ya leo, alikaa chumbani kwake akisubiri kufuatwa, naye alitoa chai, chakula, maji ya kuoga na mazungumzo. Bei hakuitamka. Mwanamume alijua mwenyewe cha kuacha, na kumdai kwa sauti kulionekana kukosa heshima. Kisha, miaka ya 1930, wakaja wazi-wazi, wengi wao Wahaya kutoka Bukoba, upande wetu wa mpaka. Hawa walikaa nje ya milango yao na kutaja bei mchana kweupe, na hela yao nyingi ilirudi kwao kuinua nyumba za wazazi.

Wenyeji wa Pumwani waliwadharau wazi-wazi kwa ule uwazi wao. Mimi nikiwasoma leo naona tofauti ya kihasibu. Kanuni za Marekani zinasema bakshishi ni pesa ambayo mteja anatoa kwa hiari, kiasi anapanga mwenyewe, hakuna mapatano, na hakuna la kumpata asipotoa. Kwa tafsiri hiyo malaya wa Pumwani alikuwa akiishi kwa bakshishi kwa asilimia mia, na wazi-wazi alikuwa mfanyabiashara mwenye bei mlangoni. Afisa wa kodi angemsamehe wa kwanza na kumwandikia hati wa pili, ingawa kazi ni ileile na mteja yawezekana ni yuleyule.

Kwetu Tanzania sheria imefanya jambo la kushangaza zaidi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kwenye kifungu cha 23 kwamba mapatano ambayo mahakama inayaona ni kinyume cha maadili au cha masilahi ya umma hayana nguvu. Kwa hiyo dada wa Bariadi akipatana elfu ishirini, mteja akatoroka alfajiri kupitia mlango wa uani, hana pa kwenda. Akienda mahakamani kudai deni ataambiwa hakuna deni. Akienda kituoni kushitaki, kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomweka kahaba anayejiuza hadharani pamoja na wazururaji, kinaweza kumgeuza yeye kuwa mshitakiwa.

Tafsiri yake ni hii: mbele ya sheria, kila shilingi anayoipata imetoka kwa hisani ya mteja. Bei aliyoitaja ni kelele tu. Mteja analipa kwa sababu ameamua kulipa, au anaogopa fujo, au anataka kurudi wiki ijayo. Kipato chake chote, kuanzia shilingi ya kwanza, ni bakshishi. Kama kuna mtu duniani anayestahili sheria ya msamaha wa bakshishi kwa jinsi ilivyoandikwa, basi ni huyu, na ndiye wa kwanza kufutwa kwenye orodha.

Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 kwa upande wake haina huruma na bakshishi ya mtu yeyote. Inapoeleza mapato ya biashara inahesabu humo na zawadi ambazo mtu amezipata kwa ajili ya biashara yake. Kwa maandishi, basi, ile "chenji kunywa soda" ya kinyozi wa Bariadi ni mapato. Kwa vitendo hakuna aliyewahi kuitafuta.

*

Chukulia tuamue leo kuwaiga Wamarekani, tena bila ubaguzi wao: bakshishi zote Tanzania, za baamedi, za kuli, za dada poa, zisitozwe kodi ya mapato. Nani atapona?

Mwajiriwa wa Tanzania Bara hakatwi kodi mpaka mshahara wake wa mwezi uvuke shilingi 270,000. Mishahara ya baa za wilayani haifiki huko. Baamedi huyu tayari halipi, na ukimsamehe asicholipa umempa karatasi. Kwa asiye na mwajiri hesabu ni ya mauzo ya mwaka. Yasipozidi shilingi milioni 4, kodi ya mapato ni sifuri. Yakivuka hapo hadi milioni 7, asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000 kwa mwaka.

Tupige hesabu ya dada wa kufikirika. Anapata 15,000 kwa usiku, siku 5 za wiki, wiki zote 52, bila kuugua, bila hedhi, bila msiba wa nyumbani Itilima. Jumla ni 3,900,000. Bado yuko chini ya mstari. Usiku wake ukipanda hadi 20,000 anafika 5,200,000 na anadaiwa laki moja kwa mwaka, kama atajitokeza kusema anafanya nini. Hatajitokeza, na sidhani kama kuna afisa anayetaka ajitokeze.

Tuliwahi kuwa na msamaha wa aina hiyo, na ulikuwa na bei. Desemba 2018 Rais Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, 670,000 kwa kuanzia, kimoja shilingi 20,000. Mwenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka akikivaa, asisumbuliwe na mgambo wala mtoza ushuru. Wauza mitumba, mama lishe, wakaanga mihogo na wauza maji ya baridi stendi walikivaa shingoni kama wanafunzi wenye beji. Pale walipokuwa wakifukuzwa jana, leo walikuwa wakikinyanyua tu na kuendelea kupanga nyanya. Wachumi walikicheka wakisema ni kodi iliyovishwa jina la msamaha. Ni kweli ilikuwa kodi. Lakini kwa mtu ambaye kila asubuhi anapambana na mgambo, shilingi 20,000 kwa mwaka mzima ni bei ya amani, na aliyekuwa nayo aliinunua mbio.

Kitambulisho kile kilihitaji biashara inayotamkika. Dada wa baa angeweza kukinunua, kwa kusema anauza chipsi. Kingemlinda akiwa na karai la mafuta na kumwacha mikono mitupu akiwa amesimama bila karai. Na yeye ndiye hasa aliyehitaji kukinyanyua, kwa kuwa akikamatwa usiku anachokinyanyua ni mkoba. Kinachotoka kwenye mkoba ule, kwa jina lolote litakaloitwa, hakina risiti.

*

Kwa hiyo kodi ya mapato haimgusi. Watu wengi wakifika hapa hufunga hesabu: hawa hawalipi kodi, wanakula tu nchi. Nawashauri wakae kwenye baa usiku mmoja na kalamu.

Mteja anaagiza, kisha anamwonyesha baamedi kidole gumba kinachoelekea kwa dada: "Mpe na yeye moja." Hiyo ni ofa, sarafu kuu ya baa za kwetu. Bia ile ina ushuru wa bidhaa tangu kiwandani, na juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Amepewa zawadi ambayo Serikali imeshaimega kabla chupa haijatoka kwenye friji.

Wajanja hawaifungui. Dada anamkonyeza mtu wa kaunta: "Niwekee." Chupa inabaki ndani ya friji, mteja anahesabiwa kwenye bili, na kaunta ikifungwa dada anapewa hela yake, imepungua kidogo kwa ajili ya ushirikiano. Kesho chupa ileile inauzwa tena. Imeuzwa mara mbili na ushuru wa kiwandani umelipwa mara moja. Nikiulizwa ni wapi Bariadi niliona ukwepaji wa kodi uliobuniwa kwa akili nitasema ni hapo, kwenye chupa isiyofunguliwa, na aliyeubuni hajui kama amekwepa kodi. Alichotaka ni kwenda nyumbani na hela badala ya kichwa kuuma.

Kisha kuna chumba. Guesti inatozwa ushuru na halmashauri, sehemu ya bei ya kulala. Chumba cha shoti taimu cha saa moja kinaweza kuuzwa mara nne usiku mmoja na daftari likaandikwa mgeni mmoja. Mwenye guesti anabaki na tofauti. Dada hana analobaki nalo, maana katika mapatano mengi chumba ni juu ya mteja, na mteja akishalipa chumba huona amepunguza cha kumpa.

Na kuna simu. Julai 2021 Serikali ilileta tozo ya miamala: kila anayetuma au kutoa fedha kwa simu alikatwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi, mbali na ada ya kampuni. Makelele yalikuwa makubwa hata viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ileile, vikapunguzwa tena 2022, na kuanzia Julai 2023 tozo ya kutuma ikafutwa. Ya kutoa ikabaki.

Soma sentensi hizo mbili za mwisho ukiwa umesimama alipo yule dada nje ya baa. Anayetuma amesamehewa. Anayetoa anakatwa. Mwenye duka anaweza kuiacha hela kwenye simu akalipia mzigo humo humo. Mwenye mshahara ana benki. Dada anaitoa karibu yote, asubuhi ileile, kwa sababu chumba chake cha kupanga, mboga ya sokoni, maji ya ndoo na msusi vinataka noti. Tozo haikumlenga na hakuna waziri aliyekaa chini akamfikiria. Imempata kwa namna maji yanavyompata aliyejenga bondeni.

Mteja akituma na ya kutolea, tozo imelipwa na mteja. Asipotuma, dada ameilipa kutoka kwenye bei. Kwa hiyo katika Bariadi bakshishi yake ina kazi moja ya msingi, kumlipia kodi. Wamarekani wanasamehe kodi ili bakshishi ibaki nzima. Sisi tunatoa bakshishi ili kodi ilipwe.

*

Lipo jambo ambalo nililichelewa kulielewa. Nilidhani kutokuwepo kwenye daftari la Mamlaka ya Mapato (TRA) ni faida yake ndogo. Halafu nikaanza kuangalia madaftari mengine.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi 2024. Masharti yake ni kikundi chenye shughuli. Akina dada wenye akili huunda kikundi cha kufuga kuku, na wengine wanafuga kweli. Nje ya hapo kuna vikoba, kuna mchezo wa kupeana kila wiki, na vikishindikana kuna mikopo ya kausha damu, ambayo jina lake linaieleza vizuri kuliko kanuni yoyote ya Benki Kuu. Benki inauliza kipato, naye kipato anacho, pengine kinamzidi karani anayemuuliza. Anachokosa ni karatasi inayokitaja. Mhudumu wa Las Vegas anayedai msamaha wa bakshishi lazima kwanza aitangaze bakshishi hiyo kwenye fomu, na fomu ile ndiyo atakayompelekea mwenye nyumba na benki kuthibitisha kwamba ni mtu wa kipato fulani. Msamaha wenyewe unaweza kuwa dola chache. Karatasi ndiyo mali.

Pamba nayo ina karatasi. Mkulima wa Meatu analalamikia ushuru wa zao wa asilimia 3, lakini ana stakabadhi ya chama cha msingi, na mwaka ambao malipo yanachelewa ana kitu cha kushika mkononi akidai. Mwaka 2019 bei ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo na wakulima wengi wakakaa wakisubiri hela zao kwa miezi. Walidai, magazeti yakaandika, viongozi wakahojiwa. Wa kwenye baa waliokuwa wakiisubiri hela ileile, hatua moja nyuma ya mkulima, hawakuwa na mahali pa kuandikisha kwamba nao wanadai.

*

Saa moja na nusu asubuhi wakala amefungua kibanda chake na kufuta vumbi kwenye meza. Dada amekuja na kanga mabegani, viatu vya usiku vimo kwenye mfuko wa rambo.

"Mwangaluka, anti. Unatoa ngapi?"

"Ishirini."

Ujumbe unaingia kwenye simu zote mbili. Wakala anaandika kwenye daftari lake lenye mistari, jina, namba, kiasi, anamgeuzia asaini. Jamaa wa jana alikuwa muungwana, kwa hiyo noti mbili za elfu kumi zinatoka zikiwa kamili, na kwenye simu inabaki shilingi mia na kitu ambayo haitoshi chochote.

Anapanda bodaboda hadi kwake. Safari ni elfu moja, na njiani alishavunja noti kwa kununua chapati. Anampa kijana elfu moja na mia tano.

"Hiyo kunywa soda," anamwambia, naye anainama kutafuta funguo kwenye mkoba.